Yukulele kwa Bei ya Sufuria

Mwanangu alikufa siku ya kumi na moja tangu macho yake yageuke manjano. Madaktari walisema ni ini, nami sikuwauliza zaidi. Wanaume walimsalia baada ya alasiri wakaenda kumzika. Mimi nilibaki ndani na wanawake wenzangu, nikimshukuru Mungu kwa mambo mawili: kwamba alitamka shahada akiwa na akili zake, na kwamba roho ilimtoka kichwa chake kikiwa juu ya paja langu.

Aliacha mke, binti wa miaka mitano, na mtoto wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Tulikuwa tukiishi nyumba moja hapa Mji Mkongwe, nyumba aliyonipa marehemu mume wangu alipokuwa hai. Mimi nalala chini, penye chuo changu cha kusomesha watoto Kurani, na wao walikuwa juu. Mkaza mwanangu ni mtu wa Chwaka, mtoto wa wakulima wa mwani, mzito wa kusema na mwepesi wa kazi. Alipofiwa na mumewe aliingia eda katika chumba kilekile alichoolewa, na kwa miezi minne na siku kumi mimi ndiye niliyekuwa mguu wake wa nje. Sokoni nilikwenda mimi, hospitali na mtoto nilikwenda mimi, na kila lililohitaji mlango kufunguliwa lilikuwa langu.

Nimesomesha chuo zaidi ya miaka thelathini. Asubuhi huja watoto, na baada ya alasiri huja wanawake wenzangu kusoma fikihi. Katika fikihi, somo nililojulikana nalo zaidi ni mirathi. Akifa mtu mtaani kwetu, kabla watu hawajaenda kwa kadhi, wanawake hunijia mimi. Nani anapata nini, binti anapata kiasi gani, mama anabaki na ngapi. Nimekaa kwenye mikeka mingi ya wafiwa nikiwaambia watu wasifiche hata sindano, maana sindano nayo ina wenyewe. Nilikuwa nikilisema hilo kwa sauti ya mtu ambaye halijamfika.

Desturi yetu ni kwamba vitu vyote vya marehemu hutolewa vikapangwa juu ya mkeka, na kila kimoja kikatiwa bei na watu wanaokijua. Kwa kuwa koti haliwezi kukatwa vipande wala kitanda hakipasuliwi, mrithi anayekitaka kitu hukichukua kwa bei ile, nayo ikahesabiwa katika fungu lake. Wasimamizi wakiwa waadilifu, mambo huisha kabla ya sala ya pili. Katika mirathi ya mwanangu, mke alikuwa na thumni yake, moja katika nane, mimi mama nina sudusi yangu, moja katika sita, na kilichobaki chote ni cha wale watoto wawili.

Mkeka wetu tuliutandika ukumbini. Aliyesimamia ni shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, mtu mkweli aliyefanya kazi ya ukarani mpaka akastaafu. Alikaa na daftari lake. Mkaza mwanangu alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha chuo, kwa kuwa shemeji si maharimu wake, na sisi tulikuwa tukimsikia tu akimbembeleza mtoto.

Mwanangu alikuwa akiwatembeza wageni msitu wa Jozani kuwaonesha kima punju. Kwa hivyo juu ya mkeka palikuwa na viatu vyake vizito vya porini, darubini, simu mbili, makoti ya mvua, nguo, saa, kitanda na godoro, na vyombo walivyonunua pamoja. Mwisho wa mkeka palikuwa na mkoba mweusi wa zipu, mrefu kama mto wa kulalia.

Nilijua kilichomo. Mgeni mmoja mzee, aliyekuwa akija kila mwaka kutazama kima, alimfundisha mwanangu kupiga yukulele, na mwaka wake wa mwisho akamwachia yake. Mwanangu alikuja nayo nyumbani ameikumbatia. Nilimsimamisha mlangoni.

"Hicho hakipigwi ndani ya nyumba hii," nikamwambia.

"Sawa, mama."

Hakuuliza kwa nini, maana yeye mwenyewe alikaa juu ya mkeka wangu wa chuo miaka minane na sababu alizijua. Na kwa miaka saba haikupigwa ndani ya nyumba hii. Aliitoa ikiwa mkobani, akairudisha ikiwa mkobani. Nikasikia kwa watu kwamba siku za mapumziko anapiga katika hoteli za upande wa Chwaka, wageni wakila. Nilikuwa nikimwombea aache, na kila aliporudi nikimwekea chai, na hatukulizungumza tena.

Basi shemeji akaunyooshea kalamu ule mkoba. "Na hili, shemeji?"

Nikafungua zipu kidogo, nikafunga. "Kigitaa cha kuchezea watoto," nikasema. "Kina nyuzi nne, tena za plastiki."

"Bei?"

Nikamwonesha sufuria ya kati iliyokuwa mbele yake. "Kama hiyo."

Shemeji, ambaye hajui tofauti ya fidla na msumeno, aliandika. Hakuna aliyenipinga. Nani ataanza kumsahihisha mwalimu wa mirathi juu ya mkeka wa mirathi? Hata nyuma ya pazia palikuwa kimya. Kisha nikasema, "Kihesabuni katika fungu langu," na kikahesabiwa.

Sikukichukua kwa ajili ya kumbukumbu, na sitaki kujipamba hapa. Nilikichukua ili kiondoke. Niliogopa kwamba madhali chombo kile kipo na kinapigwa, mwanangu atakuwa akiandikiwa dhambi kule aliko. Siku ya kwanza nilifikiri nikivunje nikitie jikoni. Lakini kuharibu mali ni israfu, nayo nimeikataza maisha yangu yote. Nikimuuzia Muislamu, nitakuwa nimeutoa mzigo kwa mtoto wangu nikamtwisha mtoto wa mwenzangu. Nikalizungusha jambo hilo wiki nzima, mpaka nikaona njia iliyonituliza: nimuuzie mtu asiye wa dini yetu.

Nyuma ya chuo changu, ng'ambo ya uchochoro, kuna duka la mzee wa Kihindi ambaye ukoo wake uko hapa mjini tangu babu wa babu yake. Anatengeneza vinanda, fidla na akodiani za watu wa taarab. Anauza pia vyombo vya mkononi, vilivyoachwa na wageni au na waliokufa. Kwa miaka thelathini tumesalimiana kupitia dirishani, mimi na kikoi changu cha kufutia ubao, yeye na gundi yake. Sikuwa nimetia mguu dukani kwake hata siku moja.

Nilipoingia alisimama, akafuta mikono.

"Mwalimu! Leo umekuja kunisilimisha?"

"Ungekuwa wa kusilimu ungeshasilimu. Watoto wangu wanakusomea kila siku bure."

"Ndiyo maana nshahifadhi nusu juzuu," akasema. "Juzi mmoja alikosea, nikamrekebisha kutoka hapa. Alinitazama kama ameona jini. Karibu ukae. Pole sana kwa mwanao."

Akanipa kigoda. Nikakaa, nikauweka mkoba mapajani.

"Nimekuletea kitu ukinunue."

"Kwa nini mimi? Darajani wamejaa wanaonunua vitu."

"Kwa sababu wewe si Muislamu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa hivyo dhambi nibebe mimi? Ahsante, Mwalimu. Jirani mwema huyu! Haya, nione hiyo dhambi yenyewe."

Nikampa. Akafungua zipu yote, mpaka mwisho, tofauti na nilivyofanya mimi siku ile. Akaitoa, na kicheko chake kikakatika. Aliigeuza mgongo, akaipeleka penye mwanga wa mlango, akaingiza jicho katika tundu lake kama mtu anayechungulia kisima.

"Mwalimu, unajua hii ni nini?"

"Gitaa la watoto."

"La watoto." Akainuka, akatungua kutoka ukutani kijichombo kama kile, ila kidogo zaidi, chekundu. Akakiweka mezani. "La watoto labda hili. Hii ndogo kabisa, wanaiita soprano. Shibiri mbili na nusu. Sauti yake nyembamba, inachekacheka, na vidole vya mtu mzima vinagombana humo." Akatungua nyengine. "Hii konseti, inaizidi kidole kimoja au viwili kila upande. Sauti inakaa zaidi kabla ya kufa." Kisha akaiweka ya mwanangu pembeni yake. "Na yako hii ni tenori. Pima mwenyewe."

Nikapima kwa mkono wangu. Shibiri tatu kamili.

"Tenori hainunuliwi na mtu anayecheza," akasema. "Hii hununuliwa na mtu anayepiga watu wakamsikiliza. Kifua chake kipana, sauti inatoka ndani. Iko moja tena kubwa kuliko hii, baritoni, ile nzito, nyuzi zake zinafungwa chini kama za gitaa. Sina hapa. Lakini ukubwa ni jambo dogo. Tazama mti."

Akaigonga ile nyekundu kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama kasha la viatu. Akanionesha ukingo wa tundu lake: mistari mitatu myembamba, kama mkate wa kusukuma uliokunjwa.

"Plaiwudi," akasema. "Tabaka juu ya tabaka na gundi katikati. Haipasuki, hilo ndilo jema lake. Inakufa vilevile ilivyozaliwa. Hii konseti ni mkangazi, mbao nzima, sauti ya kiutu uzima, ya upole. Wengine hutumia mwembe."

"Mwembe huu huu?"

"Mwembe huu huu, na unalia vizuri. Udi zetu za zamani si zilichongwa mfenesi? Sasa njoo kwenye yako." Akaigeuza kwenye mwanga. Mbao yake ilikuwa ya rangi ya asali, na ndani yake mna michirizi iliyokuwa ikihama kila alipoipindua, mara dhahabu, mara hudhurungi. "Huu mti unaitwa koa. Jamaa ya migunga, lakini haumei kwetu wala Bara. Unamea visiwa vilevile ilikozaliwa yukulele, mbali huko, bahari nyengine kabisa. Mistari ya nje na mistari ya ndani ni ileile, umeona? Mbao nzima, mbele, nyuma na ubavuni. Mti huu kila ukipigwa unafunguka zaidi. Na huu umepigwa. Miaka mingi, na mtu anayejua."

Akanionesha chini ya nyuzi, karibu na tundu. Rangi ilikuwa imelika, pakabaki doa la mbao tupu, kubwa kama kiganja cha mtoto. Hapo ndipo kucha za mwanangu zilipokuwa zikipita.

"Mumeitia bei gani kwenye mirathi?" akauliza.

"Bei ya sufuria."

"Sufuria ya namna gani?"

"Ya wali wa watu wanane."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Mwalimu," akasema taratibu, "kwa hii utanunua sufuria za harusi, na meko yake, na ng'ombe wa kutia ndani."

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza, nikaiteremsha mapajani. Sikusikia tena uchochoro. Nilikuwa nikihesabu, si fedha, bali watu. Nilikichukua kitu kile katika fungu langu kwa bei ya sufuria. Tofauti yote, kutoka sufuria mpaka ng'ombe, ilikuwa na wenyewe, na karibu robo tatu yake ni ya mtoto wa miaka mitano na mtoto anayenyonya. Nimewasomesha wanawake wangapi kwamba anayekula mali ya yatima anakula moto? Nami nimeila, yatima wenyewe ni wajukuu zangu, na nimeila kwa kuidharau tu. Sikuitazama. Ningeiuliza dunia nzima bei ya koti lake la mvua kabla sijaitaja, lakini kitu nilichokichukia nilikitia bei kwa kukichukia.

"Ungenyamaza," nikamwambia yule mzee, "ungeipata kwa ile bei niliyotaka mimi."

"Nshakwambia, nshahifadhi nusu juzuu." Akairudisha mkobani kwa uangalifu. "Mimi siwezi kuinunua kwa haki yake, Mwalimu, sina uwezo huo. Na dhambi yenyewe ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Lakini nitakutafutia mtu."

Nilirudi nyumbani na mkoba. Siku ile nilifunga chuo mapema nikawaambia watoto ninaumwa, na haikuwa uongo. Kilichonitisha si watu kujua. Kilichonitisha ni kwamba ningekufa usiku uleule kitu kile kikiwa chini ya kitanda changu, na bei yake ikiwa imeandikwa daftarini kwa ulimi wangu.

Asubuhi nikamwita shemeji. Alikuja na kofia mkononi akidhani mtoto mgonjwa. Nikamkalisha ukumbini, palepale tulipotandika mkeka, na mkaza mwanangu akaja nyuma ya pazia. Nikaeleza yote, soprano na tenori, plaiwudi na koa, na doa la kucha. Nikasema ule mgawanyo umeharibika, lazima ufunguliwe.

Shemeji akakuna kidevu. "Shemeji, hilo limeshapita. Ulikosea, hukukusudia. Na kila mtu aliridhia."

"Nani aliridhia?"

"Wewe, na mkwe wetu huyo ndani."

"Na mtoto wa miaka mitano aliridhia? Na yule aliye kifuani mwa mama yake, aliridhia lini?"

"Basi wewe si bibi yao? Ukifa si watarithi wao?"

"Nikifa," nikasema, "watarithi pamoja na binti zangu wawili walioolewa Pemba, ikiwa watarithi. Na mimi nitakwenda kuulizwa peke yangu. Fungua daftari."

Alifungua, kwa kunung'unika. Hapo ndipo mkaza mwanangu aliposema kutoka nyuma ya pazia, kwa ile sauti yake ya chini, "Mimi nlijua, mama."

Shemeji akainua macho.

"Ulijua nini?" nikamuuliza.

"Bei yake. Alinambia mwenyewe. Alisema kama yeye hayupo na mambo yakawa magumu, tuiuze ile, itawasomesha watoto mpaka skuli waimalize. Alisema nisikubali bei ya kijingajinga."

"Kwa nini basi hukusema siku ile?"

Mtoto alikuwa akinyonya, tulikuwa tukimsikia.

"Nilipokusikia unasema kihesabiwe katika fungu lako," akasema, "nilidhani unataka ubaki nacho. Kwa ajili yake. Nikasema moyoni, masikini mama, kumbe alikuwa akimpenda na hilo lake, anaona haya kusema ndiyo maana anakiita cha kuchezea. Nikaona siwezi kukutoa kitu hicho mkononi. Nikasema Mungu atawaruzuku watoto kwa njia nyengine."

Shemeji aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta ukurasa.

Ningeweza kunyamaza. Bei ingerekebishwa, haki ya mayatima ingerudi, na yeye angebaki na ile picha aliyojichorea, nzuri kuliko mimi. Hakuna sharti katika fikihi linalomlazimisha mtu kusema alikuwa na nini moyoni. Lakini alikuwa ameiacha haki ya watoto wake kwa ajili ya picha ile, na mimi nilikuwa mbele ya watu wawili nikiifungua hesabu iliyoharibika kwa neno langu. Nikaona siwezi kuirekebisha kwa uongo mwengine.

"Sikukichukua kwa kumpenda nacho," nikasema. "Nilikichukua nikivunje. Niliposhindwa kukivunja nikakipeleka kwa Mhindi nikiondoe."

Nikasubiri. Nikasikia anainuka na mtoto, na nyayo zake zikapanda ngazi, ngazi moja moja, mpaka juu.

"Ilikuwa lazima useme hilo?" shemeji akaniuliza kwa mnong'ono.

Nilimwambia aandike kwamba yukulele imetolewa katika fungu langu ikarudi katika mali ya wote, mpaka itakapouzwa kwa bei ya soko. Akaandika. Tukatia sahihi.

Mnunuzi alipatikana baada ya wiki tatu. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Bara, mwalimu wa muziki katika skuli moja huko njia ya Tunguu. Tulikutana dukani kwa yule mzee. Sikumuuliza dini yake. Msimamo wangu juu ya ala za muziki ni uleule niliofunzwa, na msomaji asidhani kwamba ulilainika hapo. Ila nilikuwa nimeshaona nilikofikishwa na kutafuta kwangu mtu wa kumtwisha, na sikutaka kutafuta tena.

Muuzaji wa kitu kilichotumika ana wajibu wa kusema kasoro yake kabla hajaulizwa. Nikamwonesha doa la kucha. Nikamwambia pia kwamba kigingi kimoja cha kukazia nyuzi kinateleza, kama alivyonionesha mzee. Akashukuru. Akaiweka kifuani, akaipima shingo yake kwa vidole, akakaza nyuzi moja moja huku ameinamisha sikio.

"Samahani, Bibi," akasema, "nikiipiga kidogo utachukia?"

"Kitu hakinunuliwi bila ya kujaribiwa," nikamjibu.

Akaipiga. Ilikuwa kitambo kifupi, labda muda wa mtu kutia udhu. Mimi nilitazama sakafu. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza na mtoto aliyekaribia kulala.

Akasimama, akaipapasa ile mbao iliyolika. "Nani alikuwa akiipiga?"

"Mwanangu. Amefariki."

"Mungu amrehemu. Lazima alikuwa akipiga vizuri sana."

Miaka saba ilikuwa nyumbani kwangu. Mzee wa Kihindi alinitazama akageuza uso kwenye gundi yake.

"Sijui," nikamwambia.

Alilipa bei ambayo mzee aliitaja tangu mwanzo, bila ya kubishana. Mzee hakuchukua chochote. Fedha alizipokea shemeji siku ileile, akazigawa kama ilivyopasa, na fungu la watoto likawekwa mahali ambapo mimi siwezi kuligusa, kwa ombi langu mwenyewe. Nilikwenda juu kumwambia mkaza mwanangu kwamba imekwisha, na kwamba haki ya watoto imekamilika. Alikuwa akikunja nguo.

"Ahsante, Mwalimu," akasema.

Tangu aolewe alikuwa akiniita mama. Nilifikiri amesahau. Jioni nilipompelekea uji akasema tena hivyo, kwa adabu kamili, macho chini, na kesho yake pia. Hakunifanyia jambo baya hata moja. Alinisalimu kila asubuhi, alinifulia, aliniuliza kama nimemeza dawa yangu ya presha. Ila neno lile halikurudi, nami sikuwa na haki ya kulidai, maana lilikuwa lake.

Eda ilipokwisha alikoga, akavaa, na wazee wake wakaja kutoka Chwaka kumchukua. Nilimwambia nyumba ni kama ya wanawe, wabaki. Akasema mama yake anamhitaji kwenye mwani, na watoto watapenda kukaa karibu na binamu zao. Nikamwombea dua mlangoni. Chumba cha juu nimekifagia mara chache tangu hapo, magoti hayapendi ngazi.

Huwa ninakwenda Chwaka kila baada ya mwezi, Mungu akinipa nguvu. Mjukuu wangu wa kike ameshaanza skuli, fedha zake zinalipa kama baba yake alivyotaka, na kwa hilo ninasujudu sijida ya shukurani, maana ningeweza kufa kabla ya kuingia katika duka lile. Mara ya mwisho nilimkuta uani akianua mwani na mama yake. Mama yake aliniamkia kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mtoto, aliyekuwa akiniita bibi, akatazama mdomo wa mama yake, akanigeukia, akasema vilevile.

"Marahaba," nikawajibu wote wawili, nikavua viatu nikakaa nao kuanua.